Weka Kambi Penye Njia ya Kurudi



Leo nataka tumzungumzie shabiki msafiri. Yule wa kibanda umiza, anayelipa mlangoni, akatazama mechi, akarudi kwake kwa miguu huku akibishana na jirani, huyo hana shida kubwa. Namzungumzia yule aliyeweka akiba mwaka mzima, akakata tiketi ya ndege au ya basi, akakunja jezi ya taifa lake kwenye begi na kuifuata timu ugenini. Tangu siku makundi yanapopangwa, huyu ana swali moja linalomsumbua kuliko yote: nikae mji gani?

Wengi hulijibu haraka. Mmoja husema nakaa mji wenye mechi yetu ya kwanza. Mwingine husema nakaa pale ndege inapotua, mambo mengine nitayajua mbele kwa mbele. Wa tatu ameona picha za mji fulani wenye masoko na majumba ya kale, moyo ukaenda huko. Sababu zao zote zinaeleweka, lakini zote zinamtazama msafiri akiwa anakwenda. Mimi nakushauri umtazame akiwa anarudi.

Kwenda uwanjani una mchana kutwa. Basi hili likijaa, unasubiri lile. Ukipotea njia, unauliza, unafika. Kazi iko baada ya filimbi ya mwisho. Watu elfu arobaini wanamwagika barabarani kwa wakati mmoja, wote wanautaka usafiri uleule, na usafiri wenyewe unakaribia kulala. Hapo ndipo unapojua kama mji uliouchagua ulikuwa sahihi. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, nakiita saa ya kitanda: mechi ikiisha, utakiona kitanda chako saa ngapi? Piga hesabu hiyo kwa kila mechi kabla hujalipia chumba hata kimoja.

Tuanze na mfano ambao bado uko vichwani mwetu, AFCON ya Morocco, iliyoanza tarehe 21 Desemba 2025 na kumalizika tarehe 18 Januari 2026. Viwanja vilikuwa tisa katika miji sita: Rabat, Casablanca, Tangier, Fes, Marrakech na Agadir. Katika hivyo tisa, vinne vilikuwa Rabat peke yake. Taifa Stars ya Tanzania ilipangwa Kundi C pamoja na Nigeria, Tunisia na majirani zetu Uganda. Mechi ya kwanza, dhidi ya Nigeria, ilikuwa Fes tarehe 23 Desemba. Ya pili, dhidi ya Uganda, Rabat tarehe 27. Ya tatu, dhidi ya Tunisia, Rabat tarehe 30.

Sasa mchukue shabiki wa Tanzania aliyeweka kambi Fes kwa kuwa timu inaanzia huko. Fes ni mji mzuri mno. Mji wake wa kale una vichochoro ambavyo hata mwenyeji huvipita kwa uangalifu. Lakini baada ya usiku ule mmoja, timu imehama na haikurudi. Kila mechi iliyofuata ilimtaka apande treni ya saa mbili na nusu mpaka tatu hadi Rabat, na usiku aitafute ya kurudi.

Aliyekaa Rabat alikuwa na taabu hiyo mara moja tu, siku ya Nigeria. Mechi ilianza saa 12:30 jioni kwa saa za Morocco. Weka dakika tisini, mapumziko na dakika za majeruhi, inaisha kama saa 2:25 usiku. Weka saa nzima ya kutoka uwanjani na kufika stesheni, kwa maana uwanja wa Fes uko nje ya katikati ya mji. Saa 3:30 uko stesheni, kama treni ipo. Ukiongeza safari yenyewe, saa ya kitanda inagonga saa 7 za usiku. Aliyeiona hesabu hiyo mapema alikata shauri jepesi: usiku wa tarehe 23 alilipia kitanda Fes, asubuhi akapanda treni na begi lake kwenda Rabat, akatulia.

Na akitulia Rabat, ametulia kweli. Uganda tulitoka nao sare ya 1–1 katika uwanja wa Al Medina. Tunisia tukatoka nao 1–1 katika Uwanja wa Olimpiki. Pointi hizo mbili zikatupeleka hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu, tukiwa miongoni mwa washindi wa tatu waliofanya vizuri. Na mechi hiyo ya 16 bora dhidi ya Morocco, tarehe 4 Januari, ilichezwa wapi? Rabat, katika uwanja mkuu wa Prince Moulay Abdellah. Tulifungwa 1–0, lakini shabiki aliyeweka kambi pale aliziona mechi tatu za mwisho za timu yake bila kuhamisha hata mswaki.

Mtazame na shabiki wa Uganda katika kundi lilelile. Yeye ratiba yake ilikuwa kinyume: Rabat, Rabat, halafu Fes tarehe 30 dhidi ya Nigeria. Mechi ya mbali ikiwa ya mwisho, hesabu inabadilika, kwa kuwa inaweza kuwa mechi ya kwenda nyumbani. Uganda walimaliza safari yao palepale Fes. Mtu wa namna hiyo anafunga mizigo yake yote kabla ya kuondoka Rabat, anakwenda nayo, analala Fes, na asubuhi ndipo anaamua kama anaifuata timu au anaelekea uwanja wa ndege. Kumwachia mwenye hoteli begi katika mji ambao huenda usirudi ni kujitafutia safari ya ziada.

Ndugu zetu wa Kongo ya Kidemokrasia walikuwa Kundi D. Wao ratiba iliwapa Rabat, Tangier, Rabat, na hatua ya 16 bora dhidi ya Algeria ikawa Rabat tena. Ukitazama ramani tu, Tangier iko mbali, kule kwenye mlango wa bahari mkabala na Hispania. Ukitazama reli, iko karibu. Tangu Novemba 2018 Morocco ina treni ya kasi, Al Boraq, inayotoka Tangier kupitia Rabat hadi Casablanca kwa saa mbili na dakika kama kumi. Fes, ambayo kwa kilomita haiko mbali na Rabat kuliko Tangier, haimo katika njia hiyo. Inahudumiwa na treni za kawaida. Agadir haina treni kabisa. Ukifika Marrakech unashuka na kupanda basi. Kwa hiyo kilomita zisikudanganye. Uliza kuna nini juu ya hizo kilomita, na hicho kilichopo kinalala saa ngapi.

Mechi ile ya Kongo na Algeria ina funzo jingine. Ilikwenda dakika za nyongeza, Algeria wakafunga bao pekee zikiwa zimebaki dakika chache tufike kwenye penalti. Mtakumbuka yule shabiki maarufu, Michel Kuka Mboladinga, aliyekuwa akisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba. Kusimama hivyo kwa dakika tisini ni kazi. Zikiongezeka thelathini ni kazi nyingine. Nawe uliyekaa kwenye kiti, dakika thelathini zile, pamoja na mapumziko yake na penalti zikifuata, ni karibu saa nzima inayoila ile treni uliyoitegemea. Hatua ya makundi unahesabu dakika tisini. Kuanzia mtoano, hesabu mpaka penalti ya mwisho.

Turudi nyuma kidogo, Côte d'Ivoire, AFCON ya 2023 iliyochezwa Januari na Februari 2024. Huko hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Tanzania na Kongo walikuwa kundi moja, Kundi F, pamoja na Morocco na Zambia. Mechi mbili za kwanza za kila mmoja zilikuwa San Pedro, mji wa bandari kusini magharibi. Ya tatu, Tanzania na Kongo wenyewe kwa wenyewe, ikawa Korhogo tarehe 24 Januari. Korhogo iko kaskazini kabisa, unakaribia mipaka ya Mali na Burkina Faso. Ni kuivuka nchi kutoka baharini hadi nyika, na treni ya abiria ya kuiunganisha miji hiyo miwili haipo. Mechi ilikuwa ya usiku, ikaisha 0–0. Mtanzania safari yake iliishia hapo. Mkongomani alikuwa amefuzu, na 16 bora yake dhidi ya Misri ilikuwa siku nne baadaye, tena San Pedro! Baada ya hapo robo fainali, nusu fainali na mechi ya mshindi wa tatu, zote Abidjan.

Ukiipanga ratiba hiyo mezani, unaona kwamba hapakuwa na mji mmoja uliotosha. Palikuwa na kambi mbili zinazofuatana: San Pedro kwa hatua ya makundi na 16 bora, na Abidjan kwa atakayesonga mbele zaidi. Korhogo ilikuwa safari ya kando, yenye kitanda chake cha usiku mmoja. Hili ni jambo ambalo wengi hawalikubali kwa urahisi. Wanataka mji mmoja, hoteli moja, mwanzo hadi mwisho. Lakini mashindano yana nusu mbili. Nusu ya kwanza ratiba unaijua siku ya droo. Nusu ya pili inategemea timu yako itamaliza nafasi ya ngapi. Usiilipie nusu ya pili kwa fedha isiyorudishwa. Tafuta chumba unachoweza kukighairi bila kukatwa, hata kama bei yake iko juu kidogo. Hiyo ziada ndiyo bei ya matumaini yako, na nakuhakikishia ni nafuu kuliko kulipia chumba katika mji ambao timu imekwisha uhama.

Utaniuliza, je mechi zote zikiwa mji mmoja, si shida imekwisha? Haijaisha, imehamia mtaani. Katika AFCON ya 2019 nchini Misri, Kenya na Tanzania walikuwa kundi moja na mechi zao zote zilikuwa Cairo. Mechi yao wenyewe kwa wenyewe, tarehe 27 Juni, Harambee Stars wa Kenya walishinda 3–2, ilianza saa 4 usiku kwa saa za huko na kuisha karibu saa 6. Uwanja wenyewe, unaoitwa 30 June, uko mashariki ya mji, mbali na mto Nile na hoteli zake. Kwa aliyepanga chumba katikati ya mji ili aone mto, saa ya kitanda ilikuwa saa 8 usiku, baada ya kupatana bei na dereva wa teksi ambaye alijua wazi kwamba mteja wake hana njia nyingine. Katika jiji kubwa, kuchagua mtaa ni sawa na kuchagua mji.

Kuna pia mfano wa ajabu zaidi, wa kuweka kambi nchi nyingine kabisa. Kombe la Dunia la 2022 viwanja vyote vinane vilikuwa Doha na kandokando yake. Vyumba vya Doha vilikuwa haba na ghali. Basi kukawa na ndege za siku ya mechi: unaruka asubuhi kutoka Maskati, Dubai, Kuwait au Saudia, unatazama mechi, unarudi usiku huohuo. Kwa ndugu zetu waongeaji wa Kiswahili walioko Oman, na kwa jamaa zao waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa kwenda kuwatembelea, Maskati ilikuwa kambi yenye akili. Una nyumba ya shangazi, una chai ya asubuhi, na safari ya angani haifiki saa mbili. Ndege zile ziliwezekana kwa kuwa zilipangwa kwa kurudi. Na metro ya Doha iliongezewa muda, ikafanya kazi hadi saa 9 za usiku. Hilo nitalirudia mwishoni.

Maana sasa msikilizaji, zamu inakuja kwetu. AFCON ya 2027 wamepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Safari hii mimi na wewe ndio wenyeji, lakini usidhani mwenyeji hasafiri. Tumepata onyo tayari. Mwezi Agosti 2025 tuliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nchi hizihizi tatu. Hatua ya makundi kila mwenyeji alicheza kwake: Kenya Kasarani, Tanzania kwa Mkapa, Uganda Namboole. Robo fainali vilevile kila mmoja alikuwa kwake. Lakini angalia ratiba ilivyokuwa imefungwa. Mshindi wa robo fainali ya Kasarani alitakiwa acheze nusu fainali Dar es Salaam, siku nne tu baadaye. Mshindi wa robo fainali ya Dar es Salaam alitakiwa aende Kampala. Kenya wakatolewa na Madagascar kwa penalti, Tanzania wakafungwa na Morocco 1–0, Uganda wakafungwa na Senegal 1–0, kwa hiyo hakuna mwenyeji aliyepanda basi. Wangeshinda, maelfu ya Wakenya wangeingia Namanga na Holili ndani ya siku nne, na maelfu ya Watanzania wangekuwa njiani kuelekea Kampala. Wangapi walikuwa na pasi za kusafiria?

Basi tuipime miji yetu kwa kipimo kilekile.

Dar es Salaam kwanza. Uwanja wa Mkapa uko Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa, watu elfu sitini. Mgeni atakayepanga Mbezi Beach kwa ajili ya upepo wa bahari ataupata upepo, na foleni ataipata. Chang'ombe, Kurasini, Keko, Mtoni, huko kuna gesti za kawaida ambazo baada ya mechi unazifikia hata kwa miguu. Mtu wa Morogoro ana reli ya kisasa, ambayo kwa chini ya saa mbili inamfikisha. Huyu hahitaji kambi Dar, anahitaji tu kuijua treni ya mwisho na kuikatia tiketi mapema. Mtu wa Dodoma afikirie mara mbili mechi ikiwa ya usiku.

Zanzibar ina uwanja wa Amaan, ndani ya mji, karibu na Michenzani. Mtu wa Dar atasema, Unguja ni saa mbili tu kwa boti, nitakwenda na kurudi. Kwenda ndiyo. Lakini boti za kasi zinaondoka kwa mara ya mwisho alasiri, na mechi ya usiku inaanza wakati bandari imekwisha lala. Ukienda Amaan usiku, umelala Unguja. Basi panga Mji Mkongwe au Ng'ambo na urudi chumbani ukipiga soga. Ukipanga Nungwi kwa ajili ya fukwe, una safari ya kutoka uwanjani hadi ncha ya kisiwa. Na kumbuka, mashindano yakiangukia Juni na Julai, msimu wa watalii umeanza. Vyumba vya Zanzibar na Arusha miezi hiyo vina wateja wake, mpira uwepo usiwepo.

Arusha ina uwanja mpya, wa watu kama elfu thelathini. Kwa macho yangu, huo ndio mji wenye nafasi nzuri kuliko yote kwa asiye na timu ya kufa na kupona, anayetaka kuona mechi nyingi. Nairobi ni kilomita kama 270 kupitia Namanga, safari ya saa tano au sita kwa basi. Dar ni usiku mmoja kwa barabara, na mabasi ya usiku yameruhusiwa tena. Lakini mechi ya Kasarani ikiisha saa 4 usiku hutarudi Arusha salama kabla ya alfajiri. Hiyo nayo inataka kitanda chake Nairobi.

Nairobi ina Kasarani kwenye Barabara ya Thika na uwanja wa Talanta upande wa Barabara ya Ngong. Kati ya pande hizo mbili kuna jiji zima, kwa hiyo subiri ujue mechi zako ziko upande upi ndipo uchague mtaa. Mtu wa Mombasa ana treni ya usiku inayoondoka Syokimau saa 4. Mechi ya saa 11 jioni itamruhusu kuiwahi, akijitahidi. Mechi ya saa 2 usiku haitamruhusu, hata awe na pikipiki ya serikali.

Kampala uwanja wake, Namboole, uko Bweyogerere kwenye Barabara ya Jinja, ndiyo barabara anayoingilia mgeni wa basi kutoka Busia na Malaba. Anayetoka Kenya ana bahati: anaweza kushuka kabla ya kuingia katikati ya jiji, akapanga Kireka au Mukono, na foleni ya Kampala akawaachia wenyewe. Hoima, ulikojengwa uwanja mwingine mpya, ni kilomita kama 200 kaskazini magharibi. Ichukulie kama tulivyoichukulia Korhogo: kitanda cha usiku mmoja, asubuhi unarudi.

Sasa kuna jambo la ramani yetu ambalo wakubwa wa Dar na Nairobi hulisahau. Mtu wa Bukoba yuko karibu na Kampala kuliko Dar es Salaam, tena karibu mno. Anavuka Mutukula asubuhi, jioni yuko uwanjani. Mtu wa Musoma yuko karibu na Nairobi kupitia Sirari. Mtu wa Moshi vivyo hivyo. Kwa hawa, kambi ya karibu iko nje ya nchi yao, na kinachowatenganisha nayo ni karatasi. Wakenya na Waganda wanavuka kwenda kwa wenzao kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anahitaji pasi au hati ya muda ya kusafiria, na anayeingia Tanzania kutoka nchi hizo aiweke karibu ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Jamaa zetu wanaokuja na pasi za Ulaya au Marekani wajue kwamba ile viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki inafaa Kenya, Uganda na Rwanda, lakini Tanzania haimo. Karatasi hizi zishughulikiwe miezi kabla. Siku nne kati ya robo na nusu fainali hazitoshi kupanga foleni uhamiaji.

Na wale wanaosema, mimi sipangi hoteli, nina binamu yangu Nairobi. Vizuri, udugu ni mali. Lakini mashindano haya yanachukua takriban mwezi mzima, na wahenga walikwisha sema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binamu anaamka saa 10 alfajiri kuwahi kazini, nawe unagonga geti saa 8 usiku ukiimba. Kaa kwake siku zisizo na mechi, mle, mzungumze, umsaidie kazi za nyumbani. Usiku wa mechi, lipia kitanda karibu na uwanja. Udugu wenu utadumu hadi mashindano mengine.

Kabla sijaaga, nina neno kwa wenye mamlaka katika nchi zetu tatu. Tunajenga viwanja, na ni jambo jema. Lakini uwanja haufanyi mji kuwa kambi ya wageni. Usafiri wa usiku ndio unaofanya. Doha walilijua hilo, wakaiacha metro iende hadi saa 9 za usiku. Sisi tunaweza kuisubirisha treni ya Mombasa siku ya mechi. Tunaweza kuwa na boti moja inayoondoka Malindi, Unguja, baada ya mechi ya Amaan, kama bahari na sheria za usalama zinaruhusu. Tunaweza kuweka mabasi maalumu ya kwenda Arusha na Busia yakisubiri nje ya Kasarani, na maofisa wa uhamiaji wa kutosha mpakani usiku huo. Na tunaweza kutangaza, siku ileile ratiba inapotoka, kwamba kila mechi ina usafiri huu na huu wa kurudi, na wa mwisho unaondoka saa fulani. Likifanyika hilo, mtu wa Tanga ataweza kuamua akiwa Tanga, na fedha yake ataitumia kwa chakula na jezi badala ya kumlipa dereva wa teksi usiku wa manane.

Wewe msikilizaji usingoje wao. Siku ratiba ikitoka, chukua karatasi, andika mechi zako zote, na pembeni ya kila mechi andika saa inayoisha, usafiri wa mwisho, na saa ya kitanda. Fanya hivyo kwa kila mji unaoufikiria. Mji utakaokupa usingizi siku nyingi zaidi, huo ndio wako, hata kama hauna bahari wala mnara wa kupigia picha.